Mwalimu wa Chuo Kikuu Naye Afundishwe Kufundisha

Katika shule zetu mwalimu hapewi darasa mpaka amepita chuo cha ualimu, akajifunza kutengeneza somo, akatazamwa akifundisha, akasahihishwa. Katika vyuo vikuu vingi desturi imekuwa nyingine: mtu huajiriwa kwa wingi wa elimu yake, hupewa wanafunzi mamia, na namna ya kuwafundisha huachiwa aitafute mwenyewe. Sisi wenye chaki twalistaajabia jambo hili, na mzazi aliyeuza ng'ombe apate ada ana haki ya kulistaajabia zaidi.

Kweli, mambo yameanza kubadilika. Huko Uingereza kamati iliyoongozwa na Ron Dearing ilishauri mwaka 1997 kwamba wahadhiri wafunzwe ualimu, na vyuo vya nchi nyingi vimeweka mafunzo ya namna hiyo. Lakini mara nyingi mafunzo yenyewe hukatwa mafungu mafungu, kila fungu na mtaalamu wake: leo mitihani, mwezi ujao tarakilishi, halafu ushauri kwa wanafunzi. Mwisho mhadhiri ana vyeti vitano na somo lake ni lile lile. Amefanana na mtu aliyenunua mlango kwa fundi huyu na dirisha kwa fundi yule, naye hana kiwanja.

Ralph Tyler wa Chicago, Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1949, aliuliza maswali manne: twataka kufikia nini, mwanafunzi atende nini ili afike, matendo hayo yapangwe vipi, na tutajuaje kwamba amefika? Alisema pia kwamba mambo makubwa yarudiwe, kila yarudipo yazidi kina, na yashikamane. Naye John Biggs, mwaka 1996, alikaza kwamba shabaha, kazi ya mwanafunzi na mtihani vielekee upande mmoja.

Basi twaona yafaa kila mhadhiri aingie mafunzoni na somo lake moja, alichukue tangu fungu la kwanza hata la mwisho. Tuseme afundisha habari za udongo. Katika fungu la kwanza aandike shabaha: mwanafunzi aweze kupima tindikali ya udongo na kumshauri mkulima kama yampasa kutia chokaa. Katika la pili atunge mtihani, kabla ya kugusa mafundisho. Hapo ndipo atakapoona kwamba swali lake la zamani, "Eleza maana ya tindikali," halipimi shabaha hiyo hata kidogo. La tatu apange masomo, wanafunzi washike udongo kwa mikono yao. Tarakilishi zije baadaye, maana mwenye kuanza na chombo hutafuta kazi ya kukipa.

Fungu la nne ndilo gumu: wenzake wawili wakae nyuma ya darasa lake, kisha wamwambie waliyoyaona. Sisi tumelizoea tangu chuoni, lakini mtu mwenye shahada ya udaktari huona haya kutazamwa. Kwa hiyo ni vema mkuu wa idara atangulie kutazamwa. Tena awepo msimamizi mmoja anayehudhuria mafungu yote, asome kazi za kila mhadhiri toka mwanzo, apate kumwuliza katika fungu la nne, "Ile shabaha uliyoiandika mwezi wa kwanza i wapi katika somo la leo?"