Ngozi Tuliyokuwa Tukiitupa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eldoret ulikuwa mji wa viwanda vya nguo na malori ya mahindi, na ndipo ukaanza kujaa wanafunzi wa udaktari. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa tiba mwaka 1990, mkuu wa kwanza wa kitivo akiwa Profesa Haroun Mengech. Madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, nao walikuwa wamefika kushirikiana na chuo hicho. Mimi sikuwa mwanafunzi wala daktari. Nilikuwa fundi katika maabara moja ndogo pale mjini, msichana niliyetoka kumaliza mafunzo, na kazi yangu ilikuwa kugeuza vipande vya mwili kuwa slaidi.

Kipande kikiletwa kutoka chumba cha upasuaji, tulikizamisha kwenye fomalini kisioze. Kisha tulikipitisha kwenye spiriti ya nguvu tofauti ili maji yatoke, tukakijaza nta ya moto, tukaacha kigande. Hapo ndipo mashine ilipokikata tabaka jembamba kuliko karatasi ya sigara, tukaliweka juu ya kioo na kulitia rangi mbili, zambarau na waridi. Ngozi ya kichwa ndiyo niliyopenda kuliko zote. Chini ya hadubini ungeona kinyweleo kizima, yaani kile kifuko ndani ya ngozi ambamo unywele huota, kimeshuka hadi kwenye mafuta ya chini. Ila kilikuwa kimekufa. Fomalini huhifadhi umbo na huua uhai papo hapo, kwa hiyo slaidi zetu zilieleza unywele ulivyokuwa, si unavyoota.

Daktari mmoja kijana, mpenzi wa magonjwa ya ngozi, ndiye aliyetuletea fotokopi ya makala kutoka Cambridge, Uingereza. Ilikuwa imefifia, kurasa zimekaa upande. Michael Philpott, Martin Green na Terence Kealey walikuwa wameichapisha mwaka 1990. Walikuwa wamechukua ngozi ya kichwa cha mtu, wakaikata pale ngozi inapokutana na mafuta ya chini, kisha kwa koleo nyembamba wakavuta vinyweleo kimoja kimoja kutoka kwenye mafuta bila kuvijeruhi. Kila kimoja kikaelea katika kisima chake cha maji ya lishe, ndani ya kabati lenye joto la mwili, nyuzi 37, na hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi. Vikaendelea kuota. Unywele uliokwisha kuondoka kichwani mwa mwenyewe ulirefuka takriban milimita 0.3 kwa siku, mwendo unaokaribia ule wa kichwani.

Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule lilikuwa mlango. Kabla yake wanasayansi walitegemea sana wanyama, hasa panya. Lakini manyoya ya panya huota kwa mawimbi, eneo zima la mgongo likiamka na kulala pamoja, na awamu yake ya kuota huisha kwa wiki tatu hivi. Kichwani mwa binadamu kila unywele una ratiba yake, na unaweza kuendelea kuota miaka miwili hadi sita kabla ya kupumzika na kudondoka. Dawa iliyochipusha manyoya ya panya haikuwa ahadi kwa mwenye kipara. Kwa kinyweleo hai kilichomo kisimani, mtu angeweza kutia homoni au dawa na kupima matokeo juu ya unywele wa binadamu wenyewe.

"Dada," daktari aliniuliza, "unajua ngozi hii waliitoa wapi?" Ilitoka kwa wanawake waliokuwa wakikazwa ngozi ya uso ili wapunguze mikunjo. Daktari wa upasuaji huondoa kipande kidogo karibu na sikio, na badala ya kutupwa kikapelekwa maabara. Tulicheka sana. Eldoret ya wakati ule nani angelipa kukazwa uso? Ngozi ya kichwa iliyotufikia sisi ilitokana na ajali za matatu kwenye barabara ya Timboroa, na baada ya Desemba 1992, na majeraha ya panga ya watu waliokimbia mapigano ya kikabila huko Burnt Forest, si mbali na Eldoret. Kingo za jeraha hupunguzwa kabla ya kushonwa. Kilichopunguzwa kilikwenda kwenye ndoo, kikachomwa.

Kuotesha vinyweleo hatukuweza. Kabati la hewa maalumu hatukuwa nalo, na stima ilikuwa ikipotea saa yoyote. Tulichoweza ni kung'oa nywele chache na kutazama mizizi yake kwa hadubini. Unywele unaoota una mzizi mnene, mweusi, wenye ala yenye majimaji. Unaopumzika una mzizi mweupe, mkavu, wenye kichwa kidogo. Tangu miaka ya 1960 watafiti wa lishe walikuwa wameonyesha kwamba mzizi husinyaa upesi mwili unapokosa protini. Daktari akanipeleka wodi ya watoto. Sista alimshika mtoto mmoja mwenye kwashakoo, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Daktari alivuta unywele kwa vidole na mtoto hakushtuka hata kidogo. Ulitoka kama uliokuwa umebandikwa tu. Chini ya hadubini mzizi ulikuwa umenywea ukawa uzi. Mama yake alitazama pia, nami nikamweleza kwamba mtoto akila vizuri, mizizi mipya itanenepa.

Nilipoanza kulinganisha vinyweleo vyetu na picha za ile fotokopi, kuna kitu kilinikaa moyoni. Vinyweleo vya Cambridge vilikuwa vimenyooka. Vya kwetu, kwenye slaidi zangu, vilipinda, na sehemu ya chini ilijikunja kama kijiti cha hoki. Ndiyo maana mara nyingi mashine yangu ilivikata vipandevipande, nikapata nusu kinyweleo badala ya kizima.

Majibu yalikuja miaka mingi baadaye, na hayakutoka kwetu. Mwaka 2001 watafiti huko Ufaransa walipima nywele za vijana wenye asili ya Afrika ya Kati na Magharibi, wakakuta zinaota wastani wa milimita 0.26 kwa siku, ilhali za Wazungu ni karibu 0.40. Mwaka 2005 watafiti wa huko huko waliotesha vinyweleo vya nywele za kipilipili nje ya mwili, vikaendelea kutoa unywele uliojikunja. Kumbe mkunjo hupangwa mzizini. Wala si hewa, wala si kuchana vibaya, kama tulivyokuwa tukiambiwa saluni. Na mwaka 2019 timu iliyomjumuisha Ncoza Dlova wa Durban ilihusisha jeni la PADI3 na ule upara unaoanzia utosini na kuacha kovu, ambao huwapata hasa wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa miaka mingi kabla ya hapo lawama kubwa ilikuwa ya dawa za kulainisha nywele na kusuka kwa kukaza. Kusuka kwa kukaza kunaharibu kweli, hasa pembeni mwa paji la uso, lakini hakukuwa jibu la kila kichwa.

Kisha ikaja habari iliyonigusa zaidi. Katika maabara ya Karl Koehler huko Indiana, chuo kile kile kilichokuwa kikishirikiana na Chuo cha Moi pale Eldoret, watu waliokuwa wakitengeneza sikio la ndani kutokana na seli shina za panya, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingi, waliona ngozi ikijitokeza pembeni. Mwaka 2018 wakaonyesha ngozi hiyo ikiota manyoya. Mwaka 2020 Koehler, akiwa amehamia Boston, na Jiyoon Lee na wenzao walichapisha matokeo ya seli za binadamu: vibonge vya ngozi vilivyokuzwa miezi minne hadi mitano, vikiwa na vinyweleo, mafuta na hata neva. Kwa njia hiyo haja ya kungoja mtu akazwe uso inaweza kupungua.

Lakini seli shina nazo hutoka kwa mtu fulani, na unywele utakaoota utafuata urithi wa mtu huyo. Kama waliotoa seli hizo ni wenye nywele zilizonyooka tu, tutarudi palepale: dawa zitajaribiwa kwenye kichwa kisicho chetu, kisha tuuziwe.

Sasa nimestaafu, na Eldoret ina madaktari bingwa, kamati ya maadili ya utafiti na wanafunzi waliobobea. Ngozi ya mgonjwa si mali ya maabara; lazima aulizwe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akikataa iwe basi. Lakini aulizwe. Watu wengi niliowajua wodini wangekubali. Ombi langu kwa madaktari wa upasuaji na wanafunzi wa leo ni hilo tu: kabla ya kipande kwenda kwenye ndoo, zungumzeni na mwenyewe.