Kwa Wakwe Zetu, Machakos

Mwana akioa mbali, wazee nao hupata jamaa mbali. Mkazamwana wetu ni Mkamba wa Machakos. Alisilimu kabla ya kuolewa. Wazazi wake ni Wakristo. Kwa miaka miwili tulijuliana hali nao kwa simu tu. Kilichotukalisha Mombasa si masafa, ingawa ni zaidi ya kilomita 400, bali ni chakula. Tungekula nini huko? Na tungekataa vipi bila ya kuwavunja moyo watu waliotukabidhi binti yao?

Suala hilo mamake binti alilimaliza kabla hatujafunga mizigo ya likizo ya Agosti. Alipiga simu akauliza waziwazi: kuku achinjwe na nani, na kipikwe chombo gani? Nasi tulimjibu kwa uwazi ule ule. Tulipowasili, kuku walikwisha kuchinjwa na Muislamu wa mjini aliyeitwa kwa kazi hiyo, na sufuria zilikuwa mpya. Mwenye nyumba alikuwa ameshauliza kibla, akajua ni kaskazini, kama kwetu.

Sahani ya kwanza ilikuwa muthokoi: mahindi makavu yaliyotwangwa kwa kinu na maji kidogo mpaka ganda likatoka, kisha yakapikwa taratibu pamoja na maharagwe. Bibi yao watoto alionja, akasema, “Hii si pure?” Kicheko kikaenea chumba kizima. Siku ya pili zililetwa mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu. Sisi huziunga kwa tui, tukazila kwa mahamri asubuhi. Wao huzikaanga kwa kitunguu na nyanya. Bara na pwani, punje ni ile ile.

Baba mkwe alitutembeza. Mji huu ulianza kuwa kituo cha Waingereza kabla Nairobi haijakuwa mji, na hata kabla ya hapo misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu. Kwenye miteremko ya vilima alituonyesha makinga ya udongo, ngazi juu ya ngazi. Katika miaka ya 1930 mmomonyoko uliichakaza ardhi hii vibaya. Wenyeji, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, wakaichimba mitaro na kuutupa udongo upande wa juu. Ndiyo maana makinga hayo huitwa “fanya juu”.

Huko Kyamwilu, watoto walimwaga maji barabarani wakayaona kana kwamba yanapanda mlima. Baba mkwe aliwaeleza kuwa ni mwinamo wa vilima vinavyozunguka unaoyahadaa macho. Maji yanateremka kama kawaida. Walibisha mpaka jioni.

Kwa familia zenye wakwe wa dini nyingine, tunausia jambo moja: kuzungumza mapema na kwa adabu. Halali haikutuzuia kuunga udugu. Aliyeulizwa na akajibu vyema huwa amemfungulia mwenyeji njia ya kumkirimu.

Desemba, inshallah, ni zamu yao kuja Mombasa. Bibi ameshapiga simu Machakos kuuliza kama wanakula samaki.