Umri wa Lori Hausomwi Katika Kutu

Mjane mmoja wa kisiwa cha Kudha, katika pwani ya Kismayu, aliachiwa na marehemu mumewe lori kuukuu. Lori hilo lilikuwa likilazwa Kismayu, ambako marehemu alipakia ng'onda zilizoletwa kwa mashua na kuzipeleka Jamaame na Jilib. Eda ilipokwisha, alifika mnunuzi.

"Bibi, hili ni lori la vita," alisema. "Waingereza waliliacha hapa walipoiteka Kismayu mwaka 1941. Thamani yake ni ya chuma chakavu tu."

Kadi ya gari, kwa upande wake, ilitaja mwaka 1980. Mjane hakujua amwamini nani, na bei ya lori hilo ndiyo iliyokuwa riziki ya watoto wanne.

Alimwendea swahibu wa marehemu, askari mstaafu aliyekuwa dereva jeshini. Mzee huyo hakuitazama kutu, kwani chumvi ya bahari hula gari jipya kama ilavyo gari la zamani. Baharia hukitambua chombo kwa omo yake kabla ya kusoma jina. Naye alianza na uso wa lori. Mbele palikuwa na herufi tatu za Kirusi, zisomwazo ZIL.

"Shemeji," alisema, "huyo amekudanganya. Kiwanda hicho cha Moscow kiliitwa kwa jina la Stalin, na magari yake yaliandikwa ZIS. Jina la ZIL lilikuja mwaka 1956. Basi gari hili lilifikaje Kismayu mwaka 1941?"

Akaendelea. Umbo la lori lilikuwa la ZIL-130, aina iliyoanza kuundwa mwaka 1962. Hilo lilikuwa kikomo cha chini. Kikomo cha juu alikipata katika historia: magari ya Kirusi yaliletwa Somalia wakati wa urafiki wa nchi hizo mbili, na urafiki huo ulivunjika Novemba 1977. Haikuelekea kwamba lori lile liliingia baada ya hapo.

Mjane akauliza, "Na kadi je, nayo yasema uongo?"

"Haisemi uongo, shemeji. Kadi yataja mwaka gari lilipoandikishwa kwa jina la marehemu. Gari la jeshi likiuzwa kwa raia, huandikishwa upya. Huo ni mwaka wa karatasi, si mwaka wa chuma."

Shahidi wa mwisho alikuwa kibati cha kiwanda, kilichofunikwa kwa rangi. Mzee hakukikwaruza kwa tindo. Alikipangusa polepole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha akasugua chaki juu yake hadi tarakimu zikajitokeza. Mwaka uliosomeka ulikuwa kati ya vikomo vile viwili.

Lakini mzee alitoa onyo. Tarehe iliyo katika chuma cha injini huonyesha umri wa injini peke yake, na injini hubadilishwa. Katika magari ya Chevrolet ya zamani, kwa mfano, herufi A katika tarehe hiyo ni Januari na L ni Desemba, na tarakimu ya mwisho ni ya mwaka. Lakini injini hiyo yaweza kuwa imetoka gari jingine. Wala mtu asihangaike kutafuta namba ya tarakimu na herufi kumi na saba katika gari la kale, kwani utaratibu huo ulianza Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Ushahidi mmoja hautoshi. Kibati, umbo na injini vikikubaliana, ndipo neno hukatwa.

Mnunuzi aliporudi, alikuta tarakimu zimenakiliwa katika daftari la shule la mtoto. Mjane hakugombana naye. Alimsomea miaka, mmoja baada ya mwingine, kisha akataja bei yake. Mnunuzi alinyamaza, akalizunguka lori mara mbili, akatoa fedha.

Wengi katika jamaa za askari na polisi huachiwa gari, mashine au mashua bila kuachiwa habari zake. Mume anayejua umri wa chombo chake na amwambie mkewe angali hai, na aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari.