Macho Hayasikii Amri

Kwetu tuna kitinda mimba wa miaka 7, yuko gredi ya pili. Dawati lake li karibu na dirisha linalotazama barabara ya matatu. Muhula uliopita ripoti yake iliandikwa kuwa ni mkaidi, ati macho yako nje mchana kutwa. Baba alikasirika si haba, akasema mtoto huyu lazima anyooshwe. Mimi moyo wangu ulikataa.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Kumbe kutazama ni kazi mbili! Kugeuza jicho lifuate kitu kinachometa ama kusogea, hiyo hata mtoto mchanga anaiweza. Kulizuia lisigeuke, hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili akikazia taa macho, kuyabandua ni shida, na si kwamba ameipenda sana taa hiyo. Akifika miezi 4 hivi huanza kuyahamisha kwa urahisi. Lakini uwezo wa kujizuia hukua polepole mno, manake unategemea sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, nayo huendelea kukomaa hata baada ya mtu kupita miaka 20.

Mwaka 1978 mtafiti Peter Hallett, huko Toronto nchini Kanada, alichapisha habari za jaribio moja. Unatazama katikati, mwanga unatokea upande huu, nawe unatakiwa utazame upande ule mwingine. Rahisi, ama? Watoto wadogo hukosea mara nyingi, vijana wa rika letu huwakaribia watu wazima, na hao watu wazima nao huteleza mojamoja.

Basi nikasema nijionee. Jioni moja nilishika tochi mbili, mdogo wangu akaketi mbele yangu. Kwanza nilimwambia ataje sharti. Alilitaja bila kukosea neno. Nikawasha tochi moja. Macho yakaruka papo hapo kwenye mwanga, halafu yakarudi mbio upande wa pili. "Aai, hiyo haihesabiwi!" akalia. Katika mara kumi, saba yalimponyoka.

Huko kurudi mbio ndiko kulikonigusa, jamani. Mkaidi hajirekebishi bila kuambiwa. Huyu sheria aliijua barabara, ila macho yalimtangulia.

Tukabadilishana, nami nikakosea mbili. Mama, aliyekuwa akichambua sukuma, alikosea moja, akasingizia moshi wa jiko.

Baba alikuwa akituchungulia juu ya gazeti. Mwishowe akalikunja, akavuta kiti, akasema naye ajaribiwe. Alikosea ngapi sitaandika hapa, kwani gazeti hili atalisoma. Ila Jumatatu anaenda shuleni kumwomba mwalimu amhamishe mtoto safu ya mbele, mbali na lile dirisha.