Mama Aliponiuliza Mimi ni Nani

Kwetu Mutoshi, hapa Kolwezi, mtu hupewa majibu kabla hajauliza. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, wakati wazee bado walipaita mahali hapa Ruwe, na tangu utotoni nilijulikana: binti wa fundi wa karakana, Mkatoliki, mmoja wa Bana Shaba, yaani watoto wa shaba. Baba alikuwa na matrikule, na namba hiyo ndiyo iliyotupatia nyumba, shule, hospitali na poso. Watu wa kambi walisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama, na hawakusema kwa mzaha. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alitoa kitabu juu yao mwaka 2001, na katika jina la kitabu hicho aliwaita watoto walioachwa na baba yao. Nami niliona mapema watu wazima wakipoteza namba, wakabaki bila la kusema walipoulizwa wao ni akina nani. Mimi nilijiona salama. Nilikuwa nimejiongezea majibu yangu: mwalimu wa shule ya msingi, mke, mama, halafu mjane.

Jibu la chini kabisa, lililobeba mengine yote, lilikuwa kwamba mimi ni mtoto wa Mama. Sikulifikiria hata kidogo mpaka asubuhi ile aliponitazama kwa adabu tunayowawekea wageni, akauliza: “Mama, weye uko nani?”

“Niko mtoto yako,” nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu asiyetaka kubishana na mgeni.

Daktari alitueleza kwamba ni ugonjwa wa ubongo, wa kuzidi polepole, usio na dawa ya kuurudisha nyuma. Jina langu lilitangulia kupotea, kisha likafuata lake mwenyewe. Matrikule ya Baba haikupotea. Ukimwuliza, aliitaja tarakimu kwa tarakimu, wima, kama alivyoitaja zamani kwenye dirisha la poso, ingawa hakumkumbuka tena mwanamume mwenye namba ile. Halafu kikaja kitu ambacho hakuna aliyetuandaa nacho. Mama alianza kusema Kiluba cha Kasai.

Wasomaji wa Kolwezi wataelewa uzito wake. Mama alizaliwa Kasai, akaletwa hapa akiwa msichana. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai wa Katanga walifukuzwa. Maelfu walilala stesheni wakisubiri treni, wengi wakafa njiani, na waliowafukuza walikuwa majirani waliobatizwa kwenye kisima kimoja nao. Ndugu za Mama waliondoka. Yeye alibaki kwa sababu Baba alikuwa mtu wa hapa, na tangu siku ile lugha yake haikusikika tena nyumbani mwetu. Sisi watoto hatukufundishwa. Basi miaka thelathini baadaye mwanamke huyo ananisalimia “Moyo” asubuhi, ananisimulia jambo refu, anacheka mwishoni, nami sielewi hata nusu. Sikuwa mtoto wake tena, na kwa lugha alikuwa amerudi mahali ambapo sikuwahi kuwapo.

Nilikonda. Watu walidhani ni uchovu wa kuuguza, na uchovu ulikuwepo, lakini kilichonitafuna kilikuwa kingine: kama yeye hanijui, basi mimi ni nani? Swali hilo halikuwa la falsafa. Lilinijia nikikoroga bukari.

Padri mmoja mzee aliyekuwa akihama parokia alinigawia vitabu vyake vya Kifaransa. Kimoja kilikuwa cha Henri Le Saux, mtawa Mbenedikto kutoka Bretagne, aliyekwenda India mwaka 1948 na kubaki huko mpaka alipofariki mwaka 1973. Mwaka 1949 alikwenda kumwona mzee wa Kihindu aliyeitwa Ramana Maharshi, chini ya mlima Arunachala, kusini mwa nchi ile. Le Saux alibaki padri na aliendelea kuadhimisha Misa, lakini alichokiona pale hakikumwachilia. Alirudi mara kwa mara kuishi kwenye mapango ya mlima huo. Nilianza kumsoma kwa sababu alikuwa padri, nikaendelea kwa sababu ya yule mzee.

Ramana alikuwa kijana wa miaka 16, mwaka 1896, katika mji wa Madurai, hofu ya kufa ilipomshika ghafla bila ugonjwa wowote. Hakumwita mtu. Alilala chini, akanyoosha viungo, akabana pumzi, akajifanya maiti, kisha akajiuliza: mwili huu ukibebwa ukachomwe moto, mimi nitakuwa nimekufa? Akaona kwamba mwili anaujua, na hofu anaijua, na anayevijua vyote viwili si kimojawapo. Majuma machache baadaye aliondoka nyumbani kwenda Arunachala, akakaa huko mpaka alipofariki Aprili 1950. Kwa waliomjia alikuwa na njia moja tu aliyoipenda kuliko zote: wazo lolote likija, uliza limemjia nani. Ukisema limenijia mimi, uliza huyo mimi ni nani, na usikimbilie kujibu kwa maneno.

Hakuwa wa kwanza kufundisha hayo. Yamo katika Upanishadi, maandiko ya kale ya India, na aliyeyapanga kwa hoja kali ni Shankara, mwalimu anayewekwa na wengi katika karne ya 8. Njia hiyo inaitwa Advaita, yaani kutokuwa na viwili. Wanasema akilini mwa mtu kuna kazi isiyopumzika inayobandika umimi juu ya kila kinachopita: mwili wangu, kabila langu, aibu yangu, mtoto wangu. Hiyo wanaiita ahamkara. Mbele ya kazi hiyo, ikiiona bila kuwa sehemu yake, kuna fahamu ambayo haina jina wala mwanzo, nayo ndiyo Atman. Na Atman ya mtu mmoja si tofauti na ile ya mwenzake, wala si tofauti na Brahman, uwepo ule ule uliomo katika vyote. Ahamkara si shetani wa kufukuzwa. Bila hiyo nisingeweza kutia sahihi daftari la shule wala kubishania bei ya sombe sokoni. Taabu huanza pale inapoaminiwa kwamba ndiyo mtu mzima.

Nilisoma hayo kwa shaka. Kilichonivunja ni hoja ya usingizi, inayotoka katika Mandukya Upanishadi, andiko fupi kuliko mengi ya aina yake. Linachunguza hali za mtu: akiwa macho, akiwa ndotoni, akiwa katika usingizi mzito usio na ndoto, kisha kile kinachobaki kilekile katika zote tatu. Nikajitazama. Usiku, katika usingizi mzito, mimi si mwalimu, si mjane, si mtu wa Mutoshi. Siwajui watoto wangu. Jina langu halipo. Hata hivyo asubuhi sisemi kwamba nilikuwa nimekoma kuwapo. Nasema nimelala vizuri. Kila usiku ninapoteza vyote alivyopoteza Mama, na hakuna anayenililia.

Basi nilikuwa namlilia nani?

Nilikwenda kwake na swali hilo, nikamtazama tena. Alikuwa ameketi juani, mikono juu ya kitenge. Alihisi jua. Alisikia malori ya mchanga wa shaba barabarani na kukunja uso kwa kelele. Nilipomlisha samaki alichagua kipande chenye mafuta, kama siku zote. Kila kilichoweza kuelezwa juu yake kilikuwa kinaondoka, na bado palikuwa na mtu anayeona, anayeonja, anayeogopa na kutulia. Sitaki kueleweka vibaya: ugonjwa wa Mama si hekima. Aliyesahau jina lake si sawa na aliyeona kwamba jina si yeye, na usiku mwingi hofu yake ilikuwa kubwa kupita maneno. Ninachosema kinanihusu mimi. Nilikuwa nimezoea kumpenda kupitia kumbukumbu yake juu yangu, na kumbukumbu ilipokwisha nilidhani hakuna tena wa kumpenda.

Katika Chandogya Upanishadi, Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu, aliyerudi kutoka masomoni na kiburi tele. Anamwambia kwamba ukilijua bonge moja la udongo umejua vyombo vyote vya udongo, na ndivyo ilivyo kwa vilivyofuliwa kwa madini. Mtu wa jimbo letu la Lualaba haelezwi hayo mara mbili. Kabla ya Wabelgiji na reli yao, mafundi wa nchi hii waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali. Iliingia katika mahari, ikawekwa katika makaburi ya wakubwa. Shaba hiyo hiyo iliweza kuwa waya au bangili. Ukiyeyusha msalaba umbo linakwisha, na shaba haijapungua hata punje. Uddalaka anamwonyesha mwanawe kwamba asili iliyomo katika vyote ndiyo yeye mwenyewe, na kiburi cha Shvetaketu kinakosa pa kusimama.

Lakini mimi ni mtoto wa Jamaa, na hapo niligongana na nyumbani.

Jamaa, harakati ya Kikatoliki, ilianzia hapa Kolwezi mwaka 1953, katika kambi za wafanyakazi wa mgodi, kwa Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu, alimoandika kwamba kwa Wabantu kuwapo ni nguvu, na kwamba mtu hasimami peke yake hata siku moja: nguvu yake hukua au hupungua kwa wenzake, kwa waliomzaa na kwa aliowazaa. Wachache wanakumbuka kwamba Kolwezi aliacha kuandika juu ya watu, akakaa nao. Mwenyewe alisimulia jinsi miaka yake ya kwanza Kongo alivyoishi kama bwana wa kuamuru, mpaka alipoanza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini. Katika majibu yao akajikuta na yeye. Wazazi wangu waliingia Jamaa mume na mke pamoja, kwa maana ndivyo ilivyokuwa, na walifundishwa mawazo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mafundisho hayo ndiyo maziwa niliyonyonya. Kwa Jamaa, mimi ninakuwa mimi ninapokutana nawe moyo kwa moyo. Kwa Shankara, ukichunguza mpaka mwisho, hakuna mimi na wewe. Nilidhani lazima nichague, na kuchagua kulikuwa kama kumkana Baba kaburini.

Aliyenisaidia ni mama wa Ramana. Alagammal alimfuata mwanawe mlimani, akamlilia arudi nyumbani, na kijana hakurudi. Nilipofika hapo katika kusoma nilimchukia kidogo. Lakini mwaka 1916 mama huyo alihamia kwake moja kwa moja, akawapikia yeye na wanafunzi wake, na Mei 1922 alipokuwa anakata roho Ramana alikaa naye kutwa nzima, mkono mmoja kifuani pake, mwingine kichwani, hadi usiku alipofariki. Akazikwa chini ya mlima, na kao lote la Ramana, linalotembelewa mpaka leo, lilikua kulizunguka kaburi la mama yake. Mwanamume aliyesema hakuna wawili hakumwacha mama yake afe bila mkono. Tangu niliposoma hayo, siwezi tena kuamini kwamba Advaita ni mlango wa kutokea watu wasiotaka kuguswa na wenzao.

Mabadiliko yalikuja kwa vitendo vidogo. Niliacha kumhoji Mama jina langu. Akiniuliza mimi ni nani, namwambia, “Niko wa hapa hapa,” naye anaridhika, nami ninaridhika, kwa sababu sisemi uongo. Ninapomwogesha na uchungu wa zamani ukapanda, nauliza umempata nani, na mara nyingi unalegea nikaendelea kusugua mgongo. Mara nyingine haulegei, nikalia, na anayelia namwona pia. Nimeanza kujifunza Kiluba cha Kasai kwa jirani mmoja mzee ambaye familia yake ilirudi baada ya treni zile. Darasani, watoto wanapotaniana kwa makabila, siwanyamazishi tena kwa rula. Nawauliza mmoja mmoja, wewe ambaye unasema hayo, ulikuwa kabila gani usiku ulipolala usingizi wa pono? Wanacheka, kisha wanaanza kubishana, na ubishi wao ni mzuri.

Jumapili moja baada ya Misa nilimweleza haya mama mmoja wa Jamaa, mwenzake Mama wa siku za kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakataa. “Mapendo inaomba watu wawili,” alisema. “Kama iko mmoja tu, nani anapenda nani?” Nilimwambia habari za mkono juu ya kifua cha Alagammal. Akasema mkono ule ulikuwa wa mtoto, na kifua kilikuwa cha mama, hao ni wawili. Nikasema ndiyo, macho yangu yanaona wawili. Ila siku Mama asiponijua, na mimi nisielewe lugha yake, kitu kinachotuunganisha hakitoki kwake wala kwangu, na hakijawahi kukatika. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama hicho ninachokisema si Mungu. Nilimjibu kwamba Le Saux, padri, alihangaika na swali hilo hilo maisha yake yote. Ametaka nimtafsirie kurasa zake kwa Kiswahili chetu, tuzisome pamoja na wakubwa wengine wa Jamaa, nyumbani kwetu, Mama akiwa kati yetu. Nimefika ukurasa wa arobaini.