Mgonjwa wa Moyo Asimfiche Daktari

Karani wa kijijini huletewa karatasi nyingi zisizo za ofisi yake. Atokaye hospitali huja na barua akisema, "Mwalimu, nisomee." Mwaka jana aliyeniletea barua alikuwa shangazi yangu. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio ovyo hata akiwa ameketi tu, naye aliandikiwa aende Dar es Salaam akatibiwe moyo kwa mrija. Jamaa walipokutana, wengine walisema, "Watamchoma moyo, afe." Shangazi mwenyewe aliuliza neno moja tu: "Mwanangu, hao madaktari hujilindaje wasiniue?" Niliona swali lake ni la haki. Nilifuatana naye, nikawauliza wenyewe.

Moyo hupiga kwa nguvu ndogo ya umeme ianziayo chumba cha juu cha kulia na kushukia vyumba vya chini. Sisi wa Mgololo, majirani wa kiwanda cha karatasi, twajua kwamba umeme ukipita njia isiyo yake, mashine nzima huharibu mwendo. Moyo nao ni vivyo hivyo. Daktari hupitisha mirija myembamba katika mshipa wa damu wa pajani, karibu na kinena, mpaka moyoni. Akiisha kupata mahali penye kasoro, hupaunguza kwa joto, au hupagandisha kwa baridi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba mapigo ya ovyo ya vyumba vya juu mara nyingi huanzia katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo kazi hii imeenea sana, na kwetu imefanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Wengi hutibiwa salama, lakini hatari zipo, na kila moja ina kinga yake. Ya kwanza ni damu kuganda moyoni, kisha kipande kikapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa wa mapigo ya ovyo ya vyumba vya juu hupewa mapema dawa ya kuzuia damu isigande. Mara nyingi hupitishiwa kooni kipimo cha mawimbi ya sauti, ili ionekane kama moyoni mna damu iliyoganda. Ikionekana, kazi huahirishwa. Ya pili ni mrija kutoboa ukuta wa moyo, damu ikajaa katika mfuko uuzungukao. Kwa hiyo shinikizo la damu hutazamwa wakati wote, na sindano ya kuivuta damu hiyo huwa tayari. Ya tatu ni joto kuunguza umio, yaani njia ya chakula, kwa kuwa umepita nyuma kabisa ya moyo. Hapo nguvu ya moto hupunguzwa, na madaktari wengi huweka kipimajoto ndani ya umio. Ya nne ni damu kuvuja pajani. Mgonjwa hana budi kulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu.

Lakini kinga nyingine i katika ulimi wa mgonjwa. Shangazi alikuwa na chupa ya dawa ya miti shamba ndani ya mkoba, na jirani alikuwa amemwonya asiitaje. Daktari alipouliza, nilimwambia, "Shangazi, itoe." Akaitoa. Daktari hakumkaripia. Alipima damu, akaikuta nyepesi kupita kiasi, akaahirisha kazi kwa siku tisa. Siku hizo zilikula fedha za miti aliyoiuza, na ndugu mmoja alinung'unika sana. Lakini kumpitishia mrija mtu ambaye damu yake haishiki kungaligharimu zaidi ya miti. Alitibiwa, na leo anapalilia mahindi yake.

Tena, hatari haiishi siku ya kurudi nyumbani. Dawa ya kuzuia damu isigande huendelea kwa muda wa miezi miwili au zaidi, na asiiache ila kwa amri ya daktari. Homa, maumivu ya kumeza, kutapika damu, au udhaifu wa upande mmoja, hata majuma kadhaa baadaye, si mambo ya kungojea kesho. Aende hospitali mara moja, naye aseme kwanza, "Nilitibiwa moyo kwa mrija," maana kumpitishia kamera kooni kabla ya kuwauliza madaktari wa moyo kwaweza kumdhuru vibaya.

Basi, ndugu, mwenye barua ya namna hii aitunze pamoja na vyeti vyake, na mmoja wa nyumbani ajue yaliyoandikwa humo. Akishindwa kuisoma, ampelekee mwenye kujua. Kusomeana barua hakuna malipo.