Mtoto, Baridi na Ukuta wa Kaskazini

Ukimpigia simu mtu aliyebaki Uvira ukamwambia kwamba huku tunalala na sweta, atacheka. Kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, baridi ni habari ya watu wa milimani. Sisi wa chini mtoto tunamwachia kaptula mwaka mzima, na akitoka kuoga ziwani anakauka kabla hajafika nyumbani. Ndiyo maana wengi wetu tulifika Dzaleka na nguo nyepesi na vitenge viwili, tukidhani Afrika ni Afrika.

Malawi ina baridi yake. Inaanza mwishoni mwa Mei, inakaa Juni yote na Julai yote, halafu Agosti inapisha upepo na vumbi. Wilaya hii ya Dowa iko juu, na kuna usiku wa Julai ambapo vipimo vinashuka chini ya nyuzi 10. Theluji hakuna, hapana. Mgeni kutoka Ulaya anatembea kambini na shati moja, anasema hali ya hewa ni nzuri sana. Ni kweli kwake. Lakini mgeni analala kwenye nyumba yenye dari na mlango unaofunga vizuri. Sisi tuko kwenye matofali ya udongo, sakafu ya udongo, na kati ya ukuta na bati kuna nafasi ambayo upepo unaijua kuliko sisi. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa miaka miwili hajui neno kuvumilia.

Nieleze kwanza kwa nini ni mimi, baba, ninayeandika habari hizi. Nilikuwa na kibanda cha biashara mjini Lilongwe. Mwaka 2023, wakimbizi tuliokuwa tunaishi nje tuliporudishwa kambini, kibanda kilibaki huko, na mimi nikarudi na begi moja na mke mwenye mimba. Binti yetu akazaliwa hapa. Jina la nyumbani tunamwita Kadogo. Mke wangu anakaanga mandazi sokoni, na ndiyo kazi inayotulisha posho inapoisha, na posho inaisha mapema. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado. Anabeba beseni la unga, mafuta, na mbabula.

Hapo kwenye mbabula simama kidogo, ndugu msomaji. Wenyeji wanaiita mbaula, ndugu zetu wa Burundi na Rwanda wanasema imbabura, sisi mbabula. Mataifa yote haya kambini, na jiko la makaa tumeshindwa kutofautiana jina. Nyumbani kwetu iko moja tu. Asubuhi inakwenda sokoni kutafuta pesa, jioni inarudi kupika. Kwa hiyo saa zile ambazo baridi inauma kabisa, nyumba yetu haina moto. Moto ule ule ambao ungempasha mtoto ndio unaomlisha, na hauwezi kuwa pahali pawili.

Kuna watu wananiambia nitafute mbabula ya pili, niiweke ndani, nifunge mlango. Nimekataa, na ninaomba kila mzazi akatae. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi kama moshi wa kuni. Unasikia kichwa kinauma, usingizi unakuja, unadhani ni joto tamu. Watu wanalala hivyo hawaamki. Na mtoto anawahi kudhurika kuliko mtu mzima. Mbabula ikae nje au barazani, mpaka makaa yafe. Tena hata hapo nje, mtoto anayejifunza kutembea akae mbali nayo. Kwenye mtaa wetu yupo mtoto mwenye kovu la uji wa moto kutoka bega mpaka kiwiko. Alikuwa amekuja kujipasha tu.

Sasa, bila moto, saa kumi na moja mpaka saa tatu, unafanya nini na mtoto ambaye ameamka na anataka dunia?

Njia ya kawaida ni kumfunga mgongoni na kitenge na kumwacha hapo. Joto analipata, ni kweli, na hakuna blanketi linaloshinda mgongo wa mzazi. Lakini mtoto anayekaa mgongoni kutwa, wiki nane mfululizo, anaona kisogo cha mtu tu. Haokoti kitu, haangushi, haulizi. Miaka miwili ndiyo umri wa maneno kuingia kama mchwa kwenye ukuta, kimya kimya na kwa wingi. Sikutaka Juni na Julai ziwe miezi ambayo maneno hayakuingia.

Kwa hiyo tunaanzia kitandani. Mama akitoka, anaacha joto lake kwenye blanketi, na sisi tunalitumia. Mimi ninakunja magoti, blanketi linakuwa mlima, Kadogo anapanda. Mlima unaanguka. Anacheka, anapanda tena. Mara thelathini, arobaini. Mtu mzima angechoka mara ya tatu, lakini mtoto wa miaka miwili hachoki mchezo, anachoka kungoja. Kupanda kule kunampasha mwili kuliko sweta.

Kukipambazuka tunavaa. Kuvaa nako nimekufanya kazi ya nusu saa. Nguo zake zote ni za kaunjika, mitumba kama wanavyoiita hapa, na anazivaa moja juu ya nyingine: fulana, shati, sweta, tena sweta. Kila moja tunaitafuta kichwa kilipo. "Kichwa kiko wapi?" Anajibu kutoka ndani ya nguo. Soksi zimebaki tatu. Mbili zinakwenda miguuni, ya tatu ninaivaa mkononi inakuwa mtu. Mtu wa soksi hana jina, ana njaa siku zote, anaomba uji. Uji halisi ukija, Kadogo anampa kijiko kimoja, yeye anakula kimoja. Mtoto aliyekuwa anakataa uji sasa anaumaliza, kwa sababu ana mgeni.

Baada ya hapo ni magunzi. Wakulima wa huku wanavuna mahindi Aprili na Mei, kwa hiyo baridi inapofika, magunzi yako kila mahali, bure. Tunayo gunia moja kwenye kona. Magunzi ni matofali, ni ng'ombe, ni watu waliopanga foleni ya kugawiwa chakula. Huyo wa mwisho aliubuni yeye mwenyewe. Aliyapanga mstari mrefu mpaka mlangoni, akanitazama, akasema: "Foleni." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mtoto anacheza kile anachokiona. Magunzi yana faida nyingine: ni makubwa, hayaingii kooni. Maharage na punje za mahindi simpi hata akilia, maana zinaingia puani na masikioni, na kooni zinaweza kumziba pumzi. Jioni magunzi mawili matatu yanakwenda kuwashia mbabula, na kesho tunahesabu yaliyobaki. Ndivyo amejifunza moja, mbili, tatu. Baada ya tatu anasema "mingi."

Saa tatu ndiyo saa yetu kubwa, saa ya ukuta.

Hili niliambiwa na koko mmoja jirani, mama mzee wa Fizi aliyeko kambini miaka mingi kuliko mimi. Siku moja alinikuta nimekaa na mtoto upande wa kusini wa nyumba, tunatetemeka wote wawili.

"Wewe, Baba Kadogo, mama ya huyu mutoto iko wapi?"

"Iko sokoni, koko."

"Na wewe uko unafanya nini hapa kwa kivuli? Jua iko kule. Muzunguke!"

Tukazunguka. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na Juni jua linapita upande wa kaskazini wa anga mchana kutwa. Ukuta unaotazama kusini hauoni jua siku nzima. Ukuta unaotazama kaskazini unalipata kuanzia asubuhi, na matofali ya udongo yanakula joto taratibu, yanalitoa taratibu. Saa nne ukiegemeza mgongo pale, unasikia kama umeegemea mnyama. Tunatandika gunia, tunakaa. Koko naye anakuja na kiti chake. Anapukuchua mahindi yake, na Kadogo anampelekea magunzi matupu moja moja kwenye beseni. Anafanya kazi hiyo kwa uso wa mtu anayelipwa.

Pale ukutani ndipo lugha zinapokutana. Watoto wa wenyeji wanapita kwenda shule wanasema "kwazizira!" Mama wa Kirundi wa nyumba ya tatu anasema "imbeho." Koko anasema "baridi." Kadogo, siku ya kwanza alipotamka neno la baridi, hakutamka la kwangu. Alitoka mlangoni asubuhi, upepo ukampiga, akakunja mikono akasema: "Kwazizira." Mke wangu alinitazama. Hakuna aliyesema kitu. Mtu akikuambia kwamba mtoto wako ni wa Kongo, ni kweli. Lakini baridi aliyoijua kwanza ni ya Malawi, na jina lake limekuja nayo. Mimi ninaongeza langu pembeni, kila siku: "Ndiyo, mama, baridi." Silitoi lile. Mtoto ana mifuko ya kutosha.

Wanaume wengine wanaopita wananicheka. "Chef, umekuwa yaya?" Kwetu mwanaume anayemchezesha mtoto mchana kutwa watu wanasema ameshindwa maisha. Zamani labda ningesimama kujieleza, niseme habari ya kibanda cha Lilongwe, niseme ninatafuta kazi. Siku hizi ninamwambia akae, ukuta una joto. Wawili wamekaa. Mmoja ni fundi wa waya, na sasa anawatengenezea watoto wa mtaa galimoto, yale magari ya waya na vifuniko vya chupa ambayo kila kijana wa huku amekua nayo. Kadogo anavuta lake kwa kamba mpaka kwenye bomba la maji na kurudi. Mwendo huo nao ni moto.

Wiki zilizopita alipita kijana mmoja wa shirika na fomu. Ana adabu, alisalimia vizuri, akachuchumaa. Akaniuliza: mtoto ana vitu vya kuchezea vya dukani? Hapana. Vilivyotengenezwa nyumbani? Ndiyo. Anachezea vyombo vya nyumbani, au vitu vya nje kama vijiti na mawe? Ndiyo. Akaweka alama tatu akataka kuendelea. Nikamwambia, ngoja kaka, andika na magunzi. Akasema hakuna nafasi ya magunzi. Tukacheka. Lakini nilikuwa ninasema kweli. Ninyi mnaokuja na fomu, mnapohesabu blanketi, hesabuni pia saa. Blanketi ni la usiku. Mchana wa baridi mtoto anahitaji pahali penye jua, pasipo na vumbi la kukohoza, na mtu mzima ambaye hajachoka kabisa. Mkijenga chumba cha watoto, kwanza ulizeni jua la Juni liko upande gani, halafu wekeni baraza upande huo. Hilo halina bei.

Na ninyi wazazi wenzangu: ninajua si kila nyumba ina mtu wa kubaki. Kuna mama analea peke yake, na akikaa ukutani hakuna atakayechoma mandazi. Yeye hana lawama akimfunga mtoto mgongoni. Ndiyo maana mtaani kwetu tumeanza kupeana zamu, kidogo kidogo, bila chama na bila mwenyekiti. Asubuhi mmoja anakaa na watoto watano au sita, wengine wanakwenda kwenye shughuli. Kila mtoto anakuja na kikombe chake na nguo ya ziada. Mwenye kikohozi na homa haji, anapelekwa kliniki. Mbabula haiko karibu. Kukilia mmoja wanalia wote, kweli, lakini mtu wa soksi akitoka wananyamaza wote pia.

Jua huku linazama kabla ya saa kumi na mbili, na baridi inarudi papo hapo kama mwenye deni. Mke wangu anafika na beseni tupu, vidole vinanuka mafuta, na mbabula bado ina makaa mekundu chini. Tunaiweka barazani, tunapika. Kadogo anamweleza mama yake siku nzima kwa maneno sita au saba ya lugha tatu. Wiki mbili zilizopita yalikuwa manne.

Julai bado haijaisha. Nyumba yetu iko mstari wa pili nyuma ya bomba la maji, na ukuta wake mrefu unatazama kaskazini. Kuanzia saa tatu kuna nafasi. Uje na gunia la kukalia.